KUTOKA GASHANI HADI SHUBIRI MOJA: MAZIKO YA WATU WA KAGERA NA VILE WALIVYOZIKWA NAVYO

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, mwaka jana baada ya swala ya Maghrib walinijia vijana watatu hapa Rwamishenye, ndugu wa baba mmoja. Baba yao alikuwa na miezi minne tangu alipofariki, na alizikwa kwenye kibanja chake, nyuma ya nyumba, kama wazee wetu wengi wanavyozikwa. Walikuja na karatasi ya fundi, imeandikwa hesabu ya mifuko ya saruji, nondo, vigae na uzio wa chuma. Swali lao lilikuwa dogo: je, inafaa kuandika aya ya Qur'an kwenye kibao cha marumaru kitakachowekwa upande wa kichwa?

Nami nikawauliza maswali mawili kabla ya kuwajibu. La kwanza, madeni ya marehemu yamelipwa? La pili, dada yenu anasemaje kuhusu gharama hii? Wakanyamaza. Kisha yule mkubwa akasema: "Shehe, kaburi lile likibaki udongo mtupu, baada ya miaka kumi mtu atapanda mgomba juu yake, na kibanja kitauzwa. Likiwa na vigae, hakuna atakayethubutu."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Kijana yule hakusema kuwa vigae vitamfaa baba yake. Alisema vigae vitakilinda kibanja. Nikaona kuwa swali lake ni la zamani sana katika nchi yetu hii ya Kagera, na kwamba kabla ya kutoa hukumu inafaa tuitazame historia: watu wa hapa walizikwaje, walizikwa na nini, na vitu hivyo vilikuwa vya nani hasa, vya maiti au vya walio hai?

MAZIKO YA WAFALME

Kabla ya Uislamu na Ukristo, falme za eneo hili, yaani Karagwe, Kiziba, Kyamutwara, Ihangiro na nyinginezo, zilikuwa na utaratibu mkubwa wa kuwazika wafalme. Mahali alipozikwa Mukama paliitwa gashani. Gashani haikuwa shimo tu. Ilikuwa ni nyumba na eneo zima lenye walinzi wake, na wazee waliojua habari za mfalme yule waliishi karibu na kuzihifadhi kwa vizazi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Katuruka, jirani na Maruku, anakotajwa Mukama Rugomora Mahe wa Kyamutwara, ambaye watafiti wanamweka katika karne ya 17 Miladia. Mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, alianza kuchimba na kusikiliza wazee mahali hapo kuanzia mwaka 1970, na kuanzia 2008 wanakijiji wenyewe walianza kupafufua kama mahali pa historia yao.

Habari ya maziko ya kifalme iliyoandikwa mapema zaidi ni ya Karagwe. Mwingereza Speke alifika Bweranyange mwishoni mwa mwaka 1861 akapokewa na Mukama Rumanyika, na kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Yeye hakuyashuhudia maziko. Alisimuliwa jinsi alivyozikwa Ndagara, baba yake Rumanyika. Aliambiwa kuwa maiti ilishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikawekwa kwenye mtumbwi ziwani kwa siku tatu, kisha ikapandishwa kilimani. Haikufukiwa, bali ilijengewa kibanda. Ndani ya kibanda kile wakaingizwa wasichana watano na ng'ombe 50, mlango ukazibwa, wote wakafa kwa njaa.

Msomaji atastaajabu, na ni haki yake. Lakini mwanafunzi wa historia hasomi ili apate wa kuwacheka. Ajiulize: ng'ombe wale walikuwa wa kazi gani? Karagwe utawala ulikuwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye watu. Kuzika ng'ombe 50 na mfalme ilikuwa ni kuutangazia umma kuwa ufalme haukufa, na kwamba mrithi aliyeweza kupoteza mali kiasi hicho ana nguvu ya kutawala. Waliolipa gharama ya tangazo hilo ni wale mabinti watano ambao hata majina yao hayakuandikwa.

Jirani zetu wa Buganda walikuwa na desturi nyingine. Kabaka alipofariki, taya lake la chini liliondolewa, likapambwa na kutunzwa katika nyumba yake maalumu, na mwili ukazikwa mahali pengine. Taya ndilo lililosemwa kuwa na roho ya mfalme, na waliolitunza walikuwa na cheo na ardhi kwa sababu yake. Hapo pia, maiti iligawanywa ili walio hai wapate kitu.

WAARABU WALIKUWA NA BALIYYA

Tusije tukadhani kuwa haya ni mambo ya Waafrika peke yao. Anayesoma kamusi za Kiarabu za kale atakutana na neno baliyya. Wanalugha wanaeleza kuwa ni ngamia jike ambaye Waarabu wa Jahiliyya walimfunga kwenye kaburi la mwenyewe, bila majani wala maji, mpaka afe. Baadhi yao waliamini kuwa maiti atakapofufuliwa atampanda, na asiyefungiwa ngamia atakwenda kwa miguu. Wanaakiolojia nao wamefukua huko Mleiha, katika Sharjah ya leo, makaburi ya kabla ya Uislamu yaliyozikiwa ngamia na farasi karibu na wenyewe.

Linganisha, ndugu msomaji, ngamia wa Hijaz na ng'ombe wa Karagwe. Ni wazo moja lililowajia watu wasiojuana: mnyama anyimwe chakula hadi afe kwa ajili ya mkubwa aliyelala.

Mtume (s.a.w.) alipokuja aliifunga njia hiyo. Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikanusha kuwepo katika Uislamu jambo la kuchinja makaburini, na mpokezi Abdurrazzaq akaeleza kuwa watu walikuwa wakichinja kaburini ng'ombe au mbuzi. Kwa hiyo katazo hili lilitaja hata mnyama wetu.

NENO LA UFUFUO LAFIKA ZIWANI

Uislamu haukuingia nchi za ziwa hili kwa jeshi. Uliingia na wafanyabiashara waliotoka Unyanyembe, Tabora ya leo, wakipitia Karagwe kwenda Buganda. Kituo chao Karagwe kilikuwa Kafuro, karibu na Bweranyange. Miongoni mwao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyefika Buganda mwaka 1844 katika zama za Kabaka Suuna. Emin Pasha alikutana naye mwaka 1876 na kuandika habari zake. Ahmed alipoona watu wanauawa ovyo mbele ya Kabaka, alimwambia kuwa watu wale wameumbwa na Mungu ambaye ndiye aliyempa yeye ufalme, na kuwaangamiza ni dhambi mbele Yake. Maneno hayo yalifungua mazungumzo marefu ya mfalme yule na wageni wake kuhusu Muumba, pepo na kufufuliwa.

Neno la ufufuo lilikuwa na uzito wake katika jambo la maziko. Ikiwa mwili mzima utafufuliwa kwa amri ya Allah, kulitenga taya kuna faida gani? Na ikiwa kila nafsi itasimama peke yake na amali zake, mabinti watano waliofungiwa watamfaa nani? Wao watakuja kudai haki yao.

Suuna alifariki mwaka 1856. Mwanawe, Mutesa wa Kwanza, alisoma Uislamu na kufunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi kuanzia 1867, ingawa hakutahiriwa, na mwaka 1876 aliwaua vijana wengi Waislamu waliokataa nyama ya machinjo yake. Habari yake ni ya mchanganyiko. Lakini alipofariki Oktoba 1884, mwili wake ulizikwa mzima huko Kasubi na taya halikuondolewa. Wanahistoria wanaunganisha mabadiliko hayo na mafunzo ya Kiislamu na ya Kikristo aliyoyasikia kwa miaka mingi. Sisi tunajua kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alilinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Amelipokea Abu Dawud.

Hata hivyo, desturi moja ilipotoka nyingine iliingia. Mwaka 1882, miaka miwili kabla ya kifo cha Mutesa, alifariki mama yake, Namasole Muganzirwazza. Mmisionari Alexander Mackay, aliyekuwa fundi hodari, aliombwa atengeneze majeneza, moja ndani ya jingine, na la shaba likiwemo. Aliandika kuwa kaburi lile kubwa lilijazwa nguo mpya, majora kwa majora, zenye thamani ya maelfu ya paundi za Kiingereza. Nguo zile zilibebwa vichwani kutoka pwani kwa miezi kadhaa, zikibadilishwa kwa pembe za ndovu na, kwa masikitiko, kwa watumwa. Basi kilichozikwa kilibadilika kwa sababu mali ilibadilika. Ng'ombe walipokuwa ndiyo mali, walizikwa ng'ombe, na bafta ilipokuwa mali ikazikwa bafta.

KUTOKA OLUBUGO HADI SANDA

Hayo ni ya wafalme. Mtu wa kawaida wa Buhaya alizikwa katika kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, amefungwa kwenye olubugo, yaani nguo ya gome la mti inayopondwa kwa nyundo ya mbao mpaka iwe laini. Aliyekuwa na uwezo aliongezewa nyingine. Majirani walikuja na olubugo mkononi kama leo wanavyokuja na rambirambi.

Wazee wetu wa mwanzo waliosilimu, wengine kwa mikono ya wafanyabiashara, wengine kwa Waislamu wa Buganda waliokimbia vita vya dini vya miaka ya 1888 hadi 1893, walikuta nguo nyeupe ya pamba ni ghali. Wakauliza: je, olubugo lafaa kuwa sanda?

Kifiqhi, jambo hili halina uzito mkubwa. Sanda ni kila kitu twahara na halali kumsitiri maiti. Gome la mti ni twahara. Tunayo hadith ya Khabbab (r.a.) katika Sahihi mbili kuhusu Mus'ab bin Umayr (r.a.), aliyeuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria. Hakuacha ila shuka moja. Wakifunika kichwa, miguu inaonekana, na wakifunika miguu, kichwa kinaonekana. Mtume (s.a.w.) akaamuru kichwa kifunikwe na miguu iwekewe majani ya idhkhir. Ikiwa majani yamemsitiri Mus'ab, gome lililopondwa vizuri haliwezi kukataliwa kwa mwenye kukosa. Lililo bora, kwa mwenye kupata, ni nguo nyeupe tatu kwa mwanamume, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikafiniwa katika nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen, hamna kanzu wala kilemba.

Tatizo lilianza pale ambapo sanda tatu zilivaliwa, kisha juu yake ukoo ukataka kuongeza olubugo tatu au nne ili isisemwe kuwa mzee amezikwa kama maskini. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nililishuhudia hilo katika maziko ya bibi yangu. Shehe aliyesimamia hakugombana na mtu. Alisema kwa upole kuwa nguo zile akipewa mjane wa jirani atapata shuka ya baridi. Baadaye nikajua kuwa alikuwa akifuata njia ya Abu Bakr (r.a.), ambaye alipokuwa katika maradhi ya mauti aliusia akafiniwe nguo yake kuukuu, kwa kuwa aliye hai anaihitaji zaidi nguo mpya. Ameipokea Bukhari.

Tena maulamaa waliutazama mfano mmoja ambao mtu angeweza kuutolea hoja. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa katika kaburi la Mtume (s.a.w.) kuliwekwa kitambaa chekundu, na aliyekiweka ni Shuqran, mtumishi wake. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) ameeleza kuwa wanavyuoni kwa wingi wao wamechukia kumtandikia maiti kitambaa au mto kaburini, na kwamba Shuqran alifanya vile kwa rai yake, akichukia mtu mwingine akivae baada ya Mtume (s.a.w.). Waliliona lile kuwa ni jambo la mtu mmoja na huzuni yake. Hawakulifanya kuwa desturi ya umma.

PWANI NAKO WALIJENGA

Kwa kuwa ng'ambo ya nchi yetu ndiko Uislamu ulikotangulia, yafaa tutazame pwani walifanyaje. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta dalili za msikiti na makaburi yanayoelekea Qibla tangu karne ya 8 Miladia. Makaburi ya mwanzo yalikuwa mepesi. Mali ilipoongezeka, makaburi nayo yakapanda. Kunduchi na Kaole yapo makaburi ya mnara, na baadhi yake yalipachikwa bakuli na sahani za Kichina. Gedi, Kenya, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia.

Hatuwahukumu waliolala pale. Wengi wao walikuwa watu wa swala na elimu. Lakini historia inatufundisha kuwa Mwislamu anaweza kukitoa kitu ndani ya kaburi kisha akakirudisha juu yake. Bakuli la Kichina la Kunduchi lilikuwa ni bidhaa ya fahari ya zama zile, na kigae cha leo ni ndugu yake mdogo.

KABURI KAMA HATI

Sasa turudi Rwamishenye. Kwa nini kijana yule aliona kaburi ni ulinzi wa kibanja?

Katika mila ya Kihaya kibanja si shamba tu. Ni mahali walipolala waliotangulia. Mtu akiulizwa shamba hili ni la nani, huonyesha makaburi. Kwa zama ambazo hapakuwa na karatasi, ushahidi huo ulikuwa na maana, na Uislamu haupingi watu kuijua ardhi yao. Lakini hati ya namna hii ilikuwa na kasoro kubwa: iliandikwa kwa jina la ukoo wa kiume. Binti aliolewa, akazikwa kwenye kibanja cha mume, na kwa hivyo hakuwa na kaburi la kuonyesha. Amri ya sheria za mila ya mwaka 1963 iliendeleza mtazamo huo katika urithi wa ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory iliyotokana na ardhi ya ukoo huku kwetu, iliamua kuwa mwanamke naye ana haki ya kuuza ardhi aliyoirithi kama mwanamume.

Waislamu tulitakiwa tuwe tumefika huko kabla ya mahakama kwa karne kumi na tatu na zaidi. Aya za urithi katika Surat An-Nisaa zimempa binti fungu lake, iwe mali ni kidogo au nyingi. Na wanavyuoni wa madh-hab ya Shafi waliligusa hasa jambo letu hili. Shirazi (aliyefariki 476 H) ameeleza kuwa warithi wakihitilafiana, mmoja akisema maiti azikwe katika ardhi yake mwenyewe na mwingine akisema azikwe makaburi ya Waislamu wote, atafuatwa anayetaka makaburi ya wote. Sababu yake ni kuwa mtu akifa ardhi imekwisha hamia kwa warithi, na hakuna anayelazimishwa kutoa sehemu ya fungu lake. Binti ni mrithi. Basi naye aulizwe kabla jembe halijagusa udongo.

MARADHI NA MAAFA YALIVYOTUFUNDISHA

Miaka arobaini iliyopita imebadilisha maziko ya Kagera kuliko wahubiri walivyoweza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata kuna vijiji vilivyozika mara kwa mara hata migomba ikakosa mtu wa kuipalilia. Siku za matanga, ambazo zilikuwa nyingi na zenye kula na kunywa, zilipunguzwa na wazee wenyewe kwa sababu ya kuchoka na umaskini. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekwisha fundisha, alipofikiwa na habari ya kufa shahidi kwa Ja'far (r.a.) huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, kuwa wafiwa ndio wapikiwe chakula. Sisi tulikuwa tukiwapikisha wafiwa.

Tarehe 21 Mei 1996 ikazama meli ya MV Bukoba karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wakazikwa pamoja Igoma, Mwanza, mbali na vibanja vyao. Familia nyingi zilibaki bila kaburi la kuonyesha. Tukawaambia, na tunawaambia tena, kuwa aliyekufa kwa kuzama ametajwa na Mtume (s.a.w.) miongoni mwa mashahidi, na kwamba Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi akiwa mbali naye. Kukosa kaburi kibanjani hakumpunguzii maiti daraja yake.

Mwezi Machi 2023 virusi vya Marburg vilitangazwa katika wilaya ya Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko. Walifariki watu sita kabla ugonjwa haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Hapo tukalazimika kuwaeleza watu kuwa pale kuosha maiti kunapoleta hatari kwa muoshaji, fiqhi inayo njia: tayammamu, na hilo likishindikana, uzito unaondoka. Watu waliokuwa wakiona kuwa maziko bila desturi fulani si maziko, walijifunza katika miezi michache kuwa yaliyo ya lazima ni machache.

HUKUMU ZINAZOHUSU SWALI LETU

Kwa ufupi, wanafunzi na maimamu wenzangu wazingatie yafuatayo.

Kwanza, kuhusu kujengea. Amepokea Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Imam Shafi (aliyefariki 204 H) alipenda kaburi liinuliwe kiasi cha shubiri moja kwa udongo wake wenyewe, na akaeleza katika Al-Umm kuwa aliona watawala wa Makka wakibomoa yaliyojengwa makaburini na mafaqihi hawakuwalaumu. Madh-hab yetu yanatofautisha: kujenga katika makaburi ya Waislamu wote ni haramu kwa kuwa kunawabana wengine, na katika ardhi ya mtu binafsi ni makruhu.

Pili, kuhusu alama. Hakuna ubaya. Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe upande wa kichwa cha Uthman bin Madh'un (r.a.) ili alijue kaburi lake. Wapo wanavyuoni waliolegeza katika kuandika jina tu kwa ajili ya kutambulisha. Aya za Qur'an zisiandikwe, zisije zikaangukiwa na uchafu au kukanyagwa.

Tatu, kuhusu gharama. Hili ndilo zito kuliko yote na ndilo linalosahauliwa. Mali ya maiti ina mpangilio: matengenezo ya maziko kwa wastani, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha mirathi. Vigae havimo. Atakayevinunua kwa mali isiyogawanywa amechukua katika fungu la mjane na la binti, na kama kuna mtoto mdogo amechukua mali ya yatima, na kila mmoja wetu anajua Qur'ani imemtishia nini anayekula mali ya yatima kwa dhulma.

Nne, kuhusu kusafirisha maiti. Tangu Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 1,300, na ndugu hukopa ili mwili ulale kibanjani. Kauli yenye nguvu katika madh-hab ni kukataza kumhamisha maiti mji hadi mji bila haja ya kisheria, na wengine wamesema ni makruhu. Mashahidi wa Uhud waliokwisha pelekwa Madina waliamriwa warudishwe walipouawa.

Tano, kuhusu kufukua. Haifai kulifukua kaburi kabla mwili haujageuka udongo, ila kwa dharura. Serikali inayo sheria yake ya kuhamisha makaburi, ya mwaka 1969, kwa ajili ya mahitaji ya umma. Mji wetu unapanuka, na vibanja vya Rwamishenye vinakuwa viwanja. Kwa hivyo ni busara jamaa za Kiislamu zitafute mapema ardhi ya wakfu ya makaburi, kuliko kungoja kuhamisha mifupa ya wazee.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, ukiipanga historia hii utaona kuwa kila zama zilimpa maiti kile ambacho walio hai waliogopa kukipoteza. Watu wa Karagwe waliogopa kupoteza ufalme, wakafungia ng'ombe na mabinti. Watu wa ikulu ya Buganda waliogopa kupoteza heshima, wakazika majora. Kijana wa Rwamishenye anaogopa kupoteza kibanja, anataka vigae. Hofu yake ni ya kweli na simdharau. Lakini dawa ya kibanja ni mirathi kugawanywa na kuandikwa, mbele ya mashahidi, na kila mwenye haki akapewa yake. Kaburi halikuwekwa kufanya kazi hiyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa maiti hufuatwa na vitu vitatu, yaani jamaa zake, mali yake na amali zake, viwili hurejea na amali ndiyo inayobaki naye.

Vijana wale walirudi baada ya wiki mbili, safari hii wakiwa na dada yao. Tuliketi barazani tukaandika madeni kwanza. Yalikuwa makubwa kuliko walivyodhani, na fedha za vigae zililipa sehemu yake. Kisha tukagawa mafungu. Yule mkubwa hakuridhika sana, na sikumficha kuwa nimeliona hilo. Siku ya kupima kibanja alikwenda peke yake nyuma ya nyumba, akarudi na jiwe moja jeusi la kando ya ziwa, akaliweka upande wa kichwa cha baba yake. Dada yake alisimama karibu naye akamwombea marehemu.

Allah (s.w.) awarehemu waliotutangulia, ayafanye makaburi yao kuwa bustani katika bustani za Pepo, na atujaalie sisi kuwaachia watoto wetu haki kabla ya majengo. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.